Mkono Unaotoa Dawa

Sauti ya Zubeda ilinifikia Jumatano asubuhi, nikiwa na pini nne mdomoni na sketi ya shule ya mtoto wa watu kwenye cherehani. Simu ililia, nikaibonyeza kwa kiwiko, na chumba changu cha ushonaji hapa Jeppestown, Johannesburg, kikajaa sauti ambayo haikuwa imenisemesha kwa karibu miaka thelathini. "Ndugu zangu, jamaa zangu, nyote mnaonijua," alisema, polepole, kama mtu anayesoma mahali, "mwaka huu Mwenyezi Mungu amenijaalia kwenda Hijja. Yeyote niliyemkosea, kwa kujua au kwa kutokujua, kwa mkono au kwa ulimi, namwomba anihalalishie." Nilitema pini. Kwa pumzi mbili tatu niliamini kabisa kwamba anasema na mimi. Kisha nikaitazama simu vizuri, nikaona ujumbe umetumwa kwenye kundi la Waswahili wote wa Joburg, watu mia mbili na zaidi, na tayari majibu yanamiminika: tumekuhalalishia dada, Hijja njema, usitusahau kwa dua. Alikuwa ametuomba radhi wote kwa mpigo mmoja, amekaa kwenye kochi lake.

Kwa asiyejua desturi yetu, nieleze kidogo. Mtu hatoki kwenda Makka na haki za watu shingoni. Yaliyo baina yako na Mungu, Mungu atayasamehe akipenda. Ulichomdhulumu mwenzio kinabaki mpaka mwenyewe akuachie kwa kinywa chake. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakivaa kanzu zao na kupita mlango kwa mlango, hata kwa jirani waliyegombana naye kwa ajili ya kuku. Inatia haya kuomba hivyo, na nadhani haya hiyo ndiyo maana yake. Nilikaa mbele ya cherehani nikiwa na hasira ya kitoto, hasira ya mtu mwenye miaka kumi na tisa, ilhali nina miaka karibu hamsini na mvi zimeniota. Binti yangu aliingia, akanitazama, akasema, "Eish, Mama, nani amekufa?" Nikamwambia hajafa mtu.

Zubeda mnamjua hata kama hamlijui jina lake. Ndiye aliyechora vile vijipicha vya kompyuta za zahanati, vinavyoitwa ikoni siku hizi, na baadaye vikaingia kwenye simu, kwenye milango ya hospitali, kwenye mabango. Wachoraji vijana wanamwita mama yao. Kijipicha chake kinachojulikana kuliko vyote ni mkono: mkono wa kulia, kiganja juu, kidonge katikati, na kidole cha mwisho kimejikunja kidogo. Mimi huuona kila mwezi kwenye mfuko wa dawa zangu za presha. Mwaka jana chuo kimoja pale Doornfontein kilimfanyia maonyesho, nikaenda, nikasimama nyuma kabisa nimevaa koti. Zubeda alisimama mbele, amependeza, miwani ya dhahabu, akaeleza jinsi alivyokaa Jumapili nzima peke yake akiutazama mkono wake. Kijana mmoja akamwuliza kuhusu kile kidole. Zubeda akafikiri, akasema kidole kilichojikunja ni unyenyekevu, kwamba anayetoa asijione mkubwa kuliko anayepokea. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikitazama kidole changu cha mwisho, kilichobanwa na mlango wa lifti ya Hillbrow nilipokuwa na miaka kumi na minane na hakijanyooka mpaka leo, nikatoka nje bila kusalimia mtu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza kwenye flati ya ghorofa ya tisa, Hillbrow, kwa Mama Feza, msusi kutoka Bukavu. Nililala nyuma ya pazia. Nilikotoka na nilivyofika ni hadithi nyingine, haina kazi hapa. Chumba cha mbele kilikuwa saluni mchana na chumba cha kulia jioni, chenye draya tatu za kukaushia nywele, moja mbovu, na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, ikichemka pembeni, hata wateja wakirudi kwao nywele zinanukia mafuta na kichwa cha samaki mkavu. Mimi nilifagia, nikaosha taulo, na muda uliobaki nilidarizi vitambaa vya makochi kwa kuhesabu nyuzi, misalaba midogo midogo ya uzi mpaka inakuwa ua au ndege. Ile draya mbovu Mama Feza aliona aibu nayo, basi akaifunika kwa kitambaa changu chenye jogoo. Siku moja akaja mteja mgeni kusuka, mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, Mswahili wa Dar es Salaam, kucha fupi, vidole vina wino. Akamwona jogoo, akainuka na nywele nusu zimesukwa, akaenda kumtazama kwa karibu.

"Nani kamhesabu huyu jogoo?" akauliza.

Hakusema nani kamshona. Alisema nani kamhesabu, na mimi nikajua hapo hapo kwamba huyu mtu anaelewa. Nikamwambia ni mimi. "Jicho lake lina misalaba mingapi?" Nikasema minne. Nilijaribu mmoja akaonekana amekufa, nikajaribu mitatu akaonekana anakonyeza. Zubeda alicheka mpaka Mama Feza akamrudisha kitini kwa kumvuta msuko. "Weye kaa, nitakupasua kichwa," Mama Feza alisema. Na Zubeda, kichwa kimeinamishwa, hanioni, akasema, "Jumatatu njoo Doornfontein. Nina kazi ya jogoo wa namna hiyo."

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya karakana ya vitanda vya chuma. Mchana kutwa nyundo zinagonga chini, na chai ikitulia kwenye kikombe unaona inatetemeka. Palikuwa na kompyuta mbili, hita ya mafuta ya taa, meza ndefu, na jiko dogo lenye kidirisha cha kupitishia vyombo, kisichofungika sawasawa. Mwenye kampuni alikuwa Mzungu kijana aitwaye Deon, mtu mwema kwa jinsi watu wenye haraka wanavyokuwa wema. Alikuwa anatengeneza programu ya zahanati, ili nesi mwenye foleni ya watu mia aweze kumgeuzia mgonjwa kompyuta, na mgonjwa asiyejua Kiingereza aelewe: hii meza asubuhi, hii meza na chakula, hii usimpe mtoto. Maneno yalikuwa hayafai, kwani kila mgonjwa ana lugha yake. Zikatakiwa picha, na kila picha ilipaswa kutoshea kwenye miraba thelathini na miwili kwenda na thelathini na miwili kushuka, kila mraba ama mweusi ama mweupe. Picha nzima ndogo kuliko ukucha wa dole gumba. Deon alikuwa amewajaribu wachoraji waliosoma vyuoni, wakashindwa, kwa sababu walichora kwanza halafu wakapunguza. Zubeda alijua kwamba unaanza na mraba mmoja na unaongeza ukilazimika tu.

Siku ya kwanza alinipa penseli na karatasi ya miraba. Nikaishika kwa mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa kwa kofi na kwa pilipili ya vidoleni, nikaanza kuchora kikombe, mstari unatetemeka kama chai ya pale. Zubeda akauliza, "Jogoo ulimshona kwa mkono gani?" Nikauficha wa kushoto chini ya meza. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake ya msalani. Haupokei, hautoi, haulishi, na mtoto anayeutumia anaonekana ana kasoro. Nilikuwa nadarizi nyuma ya pazia watu wasinione. "Kula utakula kwa kulia," Zubeda akasema, "na mtu utampa kwa kulia, adabu zetu tunazo. Lakini penseli ni penseli tu. Ishike unavyotaka." Nikaihamisha. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuniambia hivyo, na nasema wazi, nilimpenda siku ile kama mtu anavyompenda dada aliyemchagua mwenyewe. Ninapomchukia, kama ninavyomchukia wakati mwingine hata sasa, huwa nakumbana na asubuhi ile imesimama mlangoni.

Tulikula magwinya, yale maandazi ya huku, na achari, tukinunua kwa mama mmoja pale kwenye robot, taa za barabarani, za kona. Zubeda alipenda tusimame hapo dakika kumi baada ya kula, hata baridi ya Juni ikiwa inakata masikio, tuwatazame watu wanaosimamisha teksi. Joburg mtu haiti teksi kwa mdomo. Anaonyesha kidole, na kila namna ya kidole ina njia yake: huyu anakwenda mjini, huyu anazunguka hapa hapa karibu. "Unaona?" angesema. "Mji mzima unasoma mikono, na hakuna aliyekwenda shule kujifunza." Nilikuwa nakunywa kila neno. Jioni alinisindikiza mpaka mwanzo wa Hillbrow, tukiongea Kiswahili chetu kwa sauti kubwa bila kuogopa, na koti langu jekundu alilipenda hata akawa analiazima.

Namna yake ya kufanya kazi ndiyo iliyomjengea jina, na hiyo ilikuwa yake kweli, simnyimi. Kila kijipicha kilipokwisha alikichapa kwenye kadi, na Jumamosi tukazibeba kadi kwenye saluni ya Mama Feza. Wanawake wamekaa chini ya draya, hawana pa kwenda. Zubeda anainua kadi na kuuliza, "Hii nini?" Haelezi, hasaidii, hasemi ndiyo wala hapana. Kama watatu wamekosea, kadi inachanwa pale pale. Jua letu la asubuhi liliitwa buibui. Kikombe kiliitwa ndoo na mmoja tu, kikapita. Halafu ikaja zamu ya mkono. Zubeda alikuwa ameuhangaikia wiki mbili, mkono unaotoa dawa, na yeye aliamini umekamilika. Akauinua. Mama Feza aliacha kusuka.

"Iyi ni mukono anapatia mutu dawa," alisema. "Lakini mi siwezi kuinywa iyi dawa, hapana. Nani anapatiaka mutu dawa na mukono ya kushoto? Iyo ni kumutukana."

Wanawake wote wakaguna. Mmoja, mtu wa Tanga, akasema labda ni sumu. Zubeda akaitazama kadi kama anaiona mara ya kwanza, na kweli, ulikuwa wa kushoto. Sababu ni rahisi mno hata inachekesha: anayechora kwa kulia, mkono alio nao wa kutazama ni wa kushoto. Umekaa mezani bure, unaukopi. Wachoraji wa Deon waliotangulia wote walikuwa wamechora wa kushoto, na Deon mwenyewe asingeligundua hata kwa miaka kumi. Jumatatu Zubeda aliugeuza kwenye kompyuta, kazi ya kubonyeza mara moja, ukawa wa kulia. Lakini ukawa unatoka upande usio wake. Kwenye skrini ya Deon mgonjwa alikaa kulia, na mkono uliogeuzwa ulikuwa unatoa kuelekea kushoto, kama nesi ananyang'anya dawa. Mkono wa kulia unaotoa kuelekea kulia lazima dole gumba lije mbele, na lile dole linameza miraba, linafanana na kiazi. Zubeda alijaribu kuuweka mkono wake wa kulia mezani, autazame, kisha auinue achore, auweke tena. Kila akiuweka umekaa vingine. Alizipiga ngumi karatasi zake. Wiki mbili zilibaki kabla ya wageni kuja.

Jumapili ile nilikuwa peke yangu nyuma ya pazia. Mama Feza alikuwa kanisani na kanisa lao halina haraka. Niliweka ubao wa kupigia pasi, nikaweka mkono wangu wa kulia juu yake, kiganja juu, na kidonge cha kichwa katikati. Mkono wa kushoto ukashika penseli. Nilikaa tangu saa tatu asubuhi mpaka mkono ule ukafa ganzi. Dole gumba nililitatua kwa kulifanya jeupe tupu, nikaliwekea mraba mmoja mweusi chini yake. Kidole cha mwisho nilikinyoosha kwenye picha, maana nilikionea haya, na mkono ukawa kama koleo. Nikakiacha kilivyo, kimejikunja, na ghafla ukawa mkono wa mtu anayejali kidonge kisianguke. Nilicheka peke yangu. Hata leo sijafanya kitu kingine ambacho nilijua, papo hapo, kwamba kimetimia.

Zubeda alipokiona kijipicha hicho Jumatatu, alikwenda dirishani na karatasi, akarudi, macho yana maji. Kisha akauchukua mkono wangu wa kulia akaubusu, yeye mkubwa akaubusu mkono wa mdogo, kitu ambacho kwetu kinakwenda kinyume chake. "Popote mkono huu utakapofika," akasema, "jina lako litafika." Sikumwomba aseme hivyo. Jumamosi Mama Feza akaonyeshwa kadi mpya, akanyoosha kiganja chake kabisa, kama anapokea. "Iyi sasa ni mukono ya mutu," akasema. "Leta dawa."

Wageni walikuja Alhamisi, watu watano wenye suti, wenye uwezo wa kuiweka programu kwenye zahanati za nchi nzima. Zubeda aliniomba nikaange sambusa, maana Deon alizisifu sana mara moja alipozila, na mimi nikaamka alfajiri nikakanda na kukunja kwa furaha, nimevaa gauni langu zuri ndani ya aproni, nikijua kwamba wakati wowote nitaitwa niingie. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya Kiingereza. Mafuta yalikuwa yanachemka, nyundo chini zimetulia kwa sababu ya chakula cha mchana, na kile kidirisha, kama nilivyosema, kilikuwa hakifungiki sawasawa. Nikamsikia mgeni mmoja akiuliza, "Na huu mkono ni kazi ya nani?"

"Wangu," Zubeda akasema. "Nilikaa Jumapili nzima nikiutazama mkono wangu mwenyewe."

Nilidhani nimesikia vibaya, Kiingereza changu kilikuwa bado kichanga. Deon akauliza, "Rukia naye hakushiriki kwenye huu?" Alikuwa ananikumbuka, masikini. Na Zubeda akacheka kile kicheko chake kizuri akasema, "Rukia ananisaidia kujaza miraba. Na sambusa mtakazokula sasa hivi, hizo ndizo kazi yake ya sanaa." Wakacheka wote. Sambusa mbili ziliungua mbele yangu nikizitazama. Mlango ukafunguka, Zubeda akaingia, akachukua sinia, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa, hauna hata doa. "Zimetoka vizuri," akaniambia. Akatoka nazo.

Mtu ataniuliza kwa nini sikutoka nikasema. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nimelelewa kwamba mkubwa wako humkanushi mbele ya wageni. Ukifanya hivyo wewe ndiye umekosa, hata kama yeye ndiye mwongo. Nilisubiri jioni, tulipokuwa tunatembea, nikamwambia nimesikia. Hakukana. Alinishika bega. "Rukia, mdogo wangu, hawa watu hawawezi kuelewa wanawake wawili na mkono mmoja. Wanataka jina moja. Likiingia langu, mimi nakuvuta. Wewe na mimi si kitu kimoja?" Nikasema ndiyo. Nilitaka kuamini, na nikaamini. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikamshukuru.

Aliahidi atanivuta hadi chuoni. Palikuwa na chuo kilichokuwa kikipokea watu wasio na vyeti kwenye darasa la uchoraji, mradi wawe na barua ya mwajiri inayosema kazi waliyofanya. Zubeda aliniandikia barua hiyo kwa mkono wake, akaifunga kwenye bahasha, akaniambia nisiifungue, si adabu. Sikuifungua. Niliibeba ndani ya nguo kifuani, nikatembea kwa miguu mpaka huko asubuhi ya baridi, nikasimama kwenye foleni na vijana wenye mabomba ya kuhifadhia michoro. Mama wa mapokezi akaifungua, akaisoma, akanitazama gauni, akaisoma tena. Alikuwa mama mpole. "Mwanangu, umekosea mlango," akasema. "Mapishi ni jengo lile pale, la matofali mekundu." Nikasema hapana, mimi ni mchoraji. Akanigeuzia barua niisome. Ilinisifu sana. Ilisema mimi ni msafi, mwaminifu, nimehudumia jiko la ofisi kwa mwaka mmoja, na kwamba nina mkono mzuri wa vitafunio.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Wanasema mtu akivunjika moyo anasikia kitu kimekatika. Mimi nilisikia aibu tu, aibu nzito, kama kwamba mimi ndiye niliyeandika uongo ule. Ikanichukua muda kuelewa kwamba angeweza kunyamaza. Angeweza kuandika kwamba nilijaza miraba, na bado jina lake lingebaki salama. Lakini ningesoma, siku moja mchoraji mwenye kidole hiki angesimama mbele ya picha ile, na watu wangekiona. Alichokuwa anakifungia mlango ni mkono wangu. Nilikwenda Doornfontein nikakuta ofisi imehamia Sandton bila mimi kuambiwa. Nilikwenda Sandton mara tatu, na mara tatu msichana wa mapokezi aliniambia madam yuko kwenye mkutano. Mara ya tatu nilimwona Zubeda nyuma ya kioo. Alikuwa amesimama na kikombe, akaniona, akageuka.

Mama Feza alinitazama niliporudi. Alinipakulia bugali na sombe, akaninyang'anya penseli niliyokuwa nimeishika tangu Sandton. "Shona," akasema. "Uzi haiko na bosi." Nimeshona tangu siku hiyo. Nimesomesha mtoto kwa kushona, sina njaa, simdai mtu chakula. Lakini sijachora tena kitu, na hilo ndilo ninalolilia, mtu akitaka kujua ninalia nini.

Basi Jumapili baada ya ule ujumbe nilivaa baibui langu, nikapanda teksi mpaka Mayfair, nikabisha hodi kwa Zubeda. Safari ilikuwa Ijumaa. Njia nzima nilikuwa na hofu moja tu, kwamba amesahau. Watu husahau, mtu akisema uongo miaka thelathini unakuwa ndiyo kumbukumbu yake, na ningemfanya nini mtu wa namna hiyo? Alifungua mwenyewe. Amekonda, miguu imevimba, amejifunga kanga nyumbani kama zamani. Hakushtuka. Alinikaribisha sebuleni, akaniletea chai na kaimati, akakaa mkabala na mimi, mikono mapajani.

"Umefanya vizuri kuja, mdogo wangu," akasema. "Nihalalishie."

"Nini, Da Zubeda?"

"Yote."

"Kwenye kundi umewaambia watu mia mbili yote. Mimi nimekuja mwenyewe. Nitajie."

Kisha akaanza, na nilishangaa jinsi alivyoyakumbuka. Alisema, lile koti lako jekundu nililiazima likaungua kwenye hita, nikakudanganya kwamba limeibwa. Nikamwambia koti nimekuhalalishia. Alisema, nilikuwa nikimwambia Deon unachelewa kumbe nimekutuma mimi. Nikamwambia hilo nimekuhalalishia. Alisema, siku ile ya wageni nilikuamsha alfajiri ukaange sambusa, na hukupata hata moja. Alikuwa amefika jikoni penyewe, amesimama kwenye kidirisha. Nikamwambia, "Sambusa nimekuhalalishia. Endelea."

Alisukuma sahani ya kaimati upande wangu. Chai yetu ilipoa. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli kwa Kiingereza.

"Rukia," akasema mwisho, sauti imeshuka kabisa, "nikilitaja hilo, itabidi nilirekebishe. Ndiyo sheria yake, unaijua. Nirudishe. Nitaanza kwa nani? Chuo? Wale watoto wanaoniita mama? Nina miaka sitini na mitano. Sina kingine."

Kumbe hakusahau. Kumbe kila siku aliyosimama mbele ya watu akieleza unyenyekevu wa kidole changu, alikuwa anajua. Nilikuja nikiogopa kwamba hajui, na nikagundua pale pale kwamba hilo lingekuwa afadhali.

"Sema tu umenihalalishia yote," akasema. "Neno moja. Utamnyima mwenye miguu hii, Rukia? Huenda nisirudi."

Nikasimama, nikatengeneza baibui. "Nimekuhalalishia koti," nikamwambia. "Nimekuhalalishia maneno uliyompelekea Deon. Nimekuhalalishia sambusa. Mungu akufikishe salama na akurudishe salama, na hilo nasema kwa moyo wangu wote."

"Na lile?"

"Lile hujalitaja."

Nilisubiri mlangoni alitaje, na simu yangu mkononi iko wazi kwenye lile kundi, mpaka nikaona haya kuendelea kusubiri. Ijumaa kundi likajaa picha zake akiwa uwanja wa ndege, kanga nyeupe, watu wanamkumbatia, na chini yake jibu baada ya jibu, tumekuhalalishia, tumekuhalalishia. Niliyasoma yote, na langu sikuliandika.